Niliwaanika Ng'ombe wa Baba

Kama wiki jana ulifungia samaki gazeti kabla hujasoma, usijali, nitakupa kwa ufupi. Naitwa Chepngetich. Nimezaliwa Kapseret, nakaa Eldoret mjini kwenye chumba juu ya duka la Bashir, na kazi yangu ni kutengeneza programu za mtandao. Ofisi iliyoniajiri ilifungwa ghafla, nikabaki na kompyuta na njaa. Kikundi cha wafugaji wa nyumbani kikanionea huruma, nikawatengenezea programu inayoitwa Zizi Letu. Ng'ombe akiugua, au akitaka ndume, unabonyeza kwa simu na daktari wa mifugo anakuja.

Ilifanya kazi. Laiti ningeiachia hapo!

Niliishia pale nilipobonyeza kitufe cha kuachilia kipengele kipya, nikaenda kuteleka chai, na kabla haijachemka simu ikalia. Alikuwa baba.

"Chepngetich."

"Naam, Baba."

"Ni nani amekuambia ng'ombe ya Kiarie wa Soy ni yangu?"

Nilicheka. Haki ya nani, nilicheka, maana nilidhani kuna mtu anamtania mzee. Baba yangu, Mzee Kimutai, ana ng'ombe mmoja tu, Cheptui, mweusi, amezeeka, maziwa yake ni ya chai na siku nyingine hata hiyo chai anatunyima. Wale wengine waliisha mama alipokufa. Ndivyo tulivyoambiwa mimi na kaka yangu Dennis, na ndivyo Kapseret nzima ilivyojua.

"Baba, Kiarie ni nani?"

Akakata simu. Baba hajawahi kunikatia simu. Yeye husahau kukata, ukabaki unamsikia akigombana na kuku.

Nikarudi kwa kompyuta, nikaandika jina lake mahali pa kutafuta. Ukurasa ukafunguka. Cheptui wa nyumbani, sawa. Halafu wale ng'ombe wa Bashir, anaowafuga kwenye shamba lake njia ya Kapseret. Halafu wa huyo Kiarie, Soy. Chini ya kila picha, kwa herufi kubwa za kijani nilizozichagua mimi mwenyewe, paliandikwa: MWENYE: KIMUTAI.

Nilishika meza.

Ngoja nikueleze hiki kipengele kilivyozaliwa, maana kuna watu wameniandikia wakiuliza kama nilikuwa nimelewa.

Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Jelagat, mwalimu mstaafu. Huyo mama hajui kusema imetosha. Akinipigia, najua. "Mwanangu, hii kitu iko sawa sana, lakini ongeza tu kasehemu." Kasehemu ka bei ya maziwa. Kasehemu ka picha. Kasehemu ka ramani, ili daktari asipotee. Kasehemu ka kuhamisha ng'ombe kutoka kwa jina la mtu hadi la mwingine akiuzwa. Katika hii kazi yetu sijawahi kuona mteja amekuja kukuambia upunguze. Na mimi, kwa vile nilikuwa nataka kupendwa, niliongeza, nikaongeza tena.

Juzi juzi mtu mmoja wa kikundi akauza ng'ombe aliyekuwa akimtunzia rafiki yake. Kelele ikafika mpaka kanisani. Mama Jelagat akanipigia, hata salamu hakutoa.

"Weka mahali pa kuona ng'ombe ni ya nani. Si nani anakamua. Ni ya nani kabisa."

Hapo ndipo ningesema hapana, Mama, hiyo siwezi. Mimi ni mtoto wa huko, sikuletwa na ndege. Kwetu mtu hupeleka ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki anamlisha, anamkamua, na maziwa ni yake. Ndama akizaliwa ni wa mwenye. Tunaita kimanagan. Haiandikwi popote, na hakuna anayeuliza. Wala mtu hahesabiwi ng'ombe wake mbele za watu, ni utovu wa adabu kabisa. Hata mtoto mdogo akianza kunyoosha kidole zizini, anapigwa mkono.

Nilijua hayo yote. Nikaketi na kompyuta yangu, nikanyoosha kidole.

Majina hata sikuyatafuta. Daktari wetu, Wamalwa, hadungi dawa bila kujua mwenye ng'ombe amekubali. Jina la huyo mwenye alikuwa akiliandika kwenye nafasi ya maelezo, kwa matumizi yake mwenyewe, na hiyo nafasi nilimwekea mimi. Nikaona, ah, kumbe kazi nusu imeshafanywa! Nikaandika mistari michache ya kuyachomoa hayo majina, nikayapanga kwenye ukurasa mzuri, kila mwanachama aone. Nikaujaribu kwa jina la Mtu wa Majaribio, mkazi wa Mahali pa Majaribio. Ukakubali. Kwa jina la baba sikujaribu. Ningejaribu kwa nini, na ana Cheptui peke yake?

Halafu, kwa ule ujuaji wangu, nikaongezea ujumbe wa simu kwa kila mwanachama: Sasa unaweza kuona ng'ombe wote wa kikundi na wenyewe ni kina nani. Bonyeza hapa.

Kila mwanachama ni pamoja na Dennis.

Niliuzima ule ukurasa haraka. Kuuzima ni rahisi. Lakini ujumbe ukishatoka umetoka. Nilipofungua WhatsApp ya kikundi nilikuta watu wameshaupiga picha, wengine wamezungushia jina la baba alama nyekundu. "Kumbe!" "Na sisi tukimchangia mbolea kanisani!" Mwingine ameweka vicheko tu, safu nzima.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Bashir, mwenye nyumba wangu.

Lazima umjue Bashir. Ana duka la vitambaa pale chini na malori ya kubeba mizigo, na mkewe, Najma, hunipandishia maziwa kila asubuhi. "Kunywa, ni ya nyumbani," huniambia. Nimeyanywa tangu nihamie hapo na sikuwahi kuuliza nyumbani kwa nani.

Hakuingia. Alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Mzee Bashir, wale ng'ombe ni wa baba?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe umesema."

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Usiniapie." Alishusha pumzi. "Mama yako alipofariki, Kimutai alikuja kwangu. Hakuleta karatasi, hakuleta shahidi. Alishika mkono wangu akasema, Bashir, nitunzie, na mtu asijue. Zaidi ya daktari, hata Najma sikumwambia. Nilimwambia ni zangu. Miaka yote hii. Leo ameambiwa na rafiki yake kwa simu, amekaa jikoni haongei na mimi."

"Nisamehe, Mzee."

"Mimi si wa kuombwa msamaha. Kaka yako ametoka hapo dukani sasa hivi. Anataka wale walio kwangu. Nimemwambia, nilipewa na Kimutai mkononi, nitamrudishia Kimutai mkononi. Ametukana watu, ameondoka. Amepata lori ya mtu mwingine, ameenda Soy."

"Atajuaje kwa Kiarie ni wapi?"

Bashir aliniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Binti, si umeweka ramani?"

Niliipigia simu ya baba. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Nikampigia Dennis, akapokea mara moja, na nyuma yake ngurumo ya lori.

"Siz! Hongera. Hii kitu yako ni moto."

"Dennis, tafadhali. Rudi nyumbani tuongee na Baba."

"Tuongee nini? Mimi nimeongea na huyo mzee mpaka nikachoka. Tulienda kwa kina Mercy kuniposea, kwa koito, ulikuwepo ama hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wazee wao wakauliza ng'ombe za bibi. Mzee akasimama mbele ya watu akasema, sina. Sina! Tukarudi na chai tu tumboni. Mercy mpaka leo ananiambia baba yake hataki kusikia jina langu. Na kumbe ziko! Ziko kwa Mkikuyu, ziko kwa Msomali, mahali hata ningekufa nisingefikiria kutafuta."

"Ng'ombe wa kwanza Baba alikupa kabla Mama hajafa, Dennis. Ukauza ukanunua gari kuukuu."

"Hiyo ilikuwa biashara."

"Ilikufa."

"Biashara hufa! Ndiyo nibaki bila bibi maisha yangu yote? Hizo ni ng'ombe za Mama, na ng'ombe za mama ndizo zinaoa bibi ya kijana wake. Uliza mzee yeyote. Uliza hata hiyo programu yako."

Akakata. Na kwa desturi yetu hakukosea. Ndicho kilichoniumiza zaidi. Ningempata akiwa mwizi tu, ningelala vizuri. Dennis ni kaka yangu mkubwa. Ndiye aliyekuwa na mama hospitalini siku ya mwisho, mimi nikaachwa nyumbani kwa sababu nilikuwa mdogo. Alirudi amebeba viatu vya mama kwenye karatasi ya plastiki, na akanipikia uji.

Kukimbilia Soy nisingefika kabla ya lori. Mtu wa pekee ambaye Kiarie angemsikiliza ni baba, na baba amezima simu. Nikapanda boda boda kwenda Kapseret. Nilimwambia kijana wa boda akimbize, naye akakimbiza mpaka nikajuta.

Njiani simu ikatetemeka. Mama Jelagat.

"Mwanangu! Mungu akubariki!"

"Mama, siwezi kuongea, niko kwa pikipiki."

"Sikiliza tu. Kamati tumekubaliana. Tangu leo, jina lililo kwa Zizi Letu ndilo la mwenye ng'ombe. Hakuna tena ati uliniambia, ati nilikuambia. Umetuondolea vita. Lakini naona ukurasa umepotea, urudishe haraka."

"Mama Jelagat, niliuzima mimi. Kuna shida."

"Hakuna shida! Hata ile sehemu ya kuhamisha inafanya kazi vizuri. Dennis ameomba ahamishiwe ng'ombe za baba yake, na Mzee amekubali."

"Amekubali vipi? Baba simu yake imezimwa!"

"Aii, mimi sijui. Imeandikwa tu imekubaliwa. Na rangi ya kijani."

Nilimwambia kijana wa boda asimame. Alisimama. Nikashuka, nikakaa kando ya barabara, kwenye nyasi, na ng'ombe za watu zikinitazama.

Acha nieleze hili polepole, maana ni la kwangu peke yangu, sina wa kusukumia. Ng'ombe akihamishwa kwenye Zizi Letu, ujumbe unaenda kwa simu ya mwenye wa zamani, aseme ndiyo au hapana. Nilijivunia sana hiyo. Usalama, nikawaambia wazee, hakuna wa kukuibia. Lakini tulipokuwa tunawaandikisha, wazee wengi hawakutoa namba zao. Mzee wa kwetu hasomi ujumbe wa simu. Alitoa namba ya mtoto wake, na sisi tukaona ni kawaida kabisa, nani angeona vingine? Baba alisema niandike yangu. Yangu ilikuwa ndiyo ya kikundi, na programu haikubali namba moja iandikwe mara mbili. Hiyo sheria niliiweka mimi. Kwa hivyo nikaandika namba ya Dennis.

Dennis ana laini mbili, kama nusu ya Eldoret. Kwa laini moja yeye ni Dennis. Kwa ile nyingine, machoni pa programu yangu, yeye ni Mzee Kimutai. Alijiomba ruhusa mwenyewe, akajijibu ndiyo.

"Dada, tunaenda ama tumefika?" kijana wa boda aliniuliza.

"Twende."

Ningeweza kurekebisha. Funguo zote za hiyo programu ni zangu. Lakini ningeandika nini? Kamati imesema jina ndilo mwenye, na picha ya ukurasa iko kwa simu ya Dennis, na Dennis yuko barabarani.

Baba nilimkuta zizini. Amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, mgongo kwa Cheptui, na alikuwa hakamui. Amevaa koti lake la kanisani katikati ya juma. Sijui alilivaa kwa nini.

Hakunitazama.

"Umekuja kuhesabu na huyu?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye samadi.

"Baba, washa simu. Dennis anaenda Soy na lori. Atawapakia."

"Najua. Watu wamekuja kuniambia. Leo nimepata wageni wengi."

"Basi washa simu umwambie Kiarie asimpe!"

"Nimwambie ni kwa nini?"

Sikuelewa swali. Nikafikiri ni hasira. Nikaanza kulia, nikamwambia kwamba nitaifuta programu yote, kila kitu, chanjo, picha, majina, irudi kama haijawahi kuwako. Baba akasikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na watu watasahau?" aliuliza.

Nikapangusa machozi kwa kiganja.

"Chelel unamkumbuka?" akasema.

Ningemsahau vipi? Chelel alikuwa ng'ombe wa mama, mweupe, alitoka naye kwao. Mama alipokufa, nikarudi kutoka shuleni nikakuta zizi limebaki wazi. Baba akasema amewauza wote, hospitali imewala. Kwa mama nililia kama watu wengine. Kwa Chelel nilikataa chakula mpaka mwalimu akaitwa.

"Chelel sikumuuza. Nilimpeleka kwa Kiarie. Yule mweupe uliyemweka kwa simu ni mjukuu wake."

Mwenzangu, acha nikuambie kuhusu huyo mweupe. Wamalwa alikuwa ameniletea picha nyingi sana za ng'ombe. Nilipotafuta moja ya kuweka mbele kabisa, ile mtu anayoiona akifungua tu Zizi Letu, nilimchagua huyo. Nilimsafisha kingo, nikamwongezea mwanga. Kila aliyefungua programu yangu alimwona yeye kwanza. Mimi nilimwona kila siku na sikumjua.

"Mbona ulituambia waliisha, Baba?"

"Mama yako akiwa pale kitandani aliniambia, Kimutai, hizi ng'ombe zangu zisioe, zisiuzwe. Ni za Chepngetich. Huyu msichana alizaliwa ng'ombe zikitoka kwenda malishoni, hata jina lake ni hilo, zake zisitoke bila yeye." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Nikamwambia, msichana hapewi ng'ombe, Dennis atasema nini, wazee watasema nini? Akasema, basi zifiche mpaka awe mtu wa kujisimamia. Nikazificha mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo angeuliza."

Nikainuka kutoka kwenye samadi.

"Zangu?"

"Zako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia. Nilikuwa nangoja nione hakuna wa kukunyang'anya." Sasa akanitazama. "Unafikiri ile siku ya koito haikuniuma? Nilisimama mbele ya wakwe nikasema sina. Nilimwaibisha kijana wangu, mtoto wangu wa kwanza, nikamwona amekunja uso kama mtu amepigwa. Nikameza. Nikasema ni sawa, siku moja utakuwa na kitu chako, na yeye atanisamehe nikiwa nimekufa. Sasa umewaambia watu wote kabla sijafa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu amenifichia urithi wangu maisha yangu yote, na mimi nimeutolea ramani, picha, na herufi za kijani.

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, nikatoa simu, nikaiwasha mwenyewe. Haikumaliza kuamka ikalia. Baba akaipokea, nikabonyeza sauti kubwa ili nisikie.

"Mzee Kimutai. Kiarie hapa."

"Kiarie, habari ya huko?"

"Si nzuri, rafiki yangu. Niko hapa kwa geti na kijana wako. Amekuja na lori. Ananionyesha simu, imeandikwa ng'ombe ni zake. Mimi hayo ya simu siyajui. Wewe ulinipa na mdomo. Sasa niambie na mdomo, hizi ng'ombe ni za nani? Ukisema nimpe, nitampa. Ukisema hapana, hatavuka hapa. Nimeweka sauti juu, anasikia."

Sauti ya Dennis ikaingia. Haikuwa ya ukali. Ningeomba ingekuwa ya ukali.

"Baba. Wewe sema tu. Kama ni zako, ni za boma, na mimi ndiye kijana wa boma. Kama si zako, mwambie Kiarie ulinidanganya mbele ya wakwe kwa ajili ya nani. Sema jina. Lakini ukilisema, mimi sirudi huko. Hata siku ya kukuzika mtanikosa."

Baba aliisogeza simu karibu na mdomo. Nikaona kwa mara ya kwanza jinsi vidole vyake vilivyokonda.

Mimi nilikuwa nimeshatoa simu yangu. Nimeingia kwenye Zizi Letu kwa funguo zangu, nimefungua yule ng'ombe mweupe, nimefuta jina la Dennis. Nafasi ya mwenye ilikuwa wazi, kile kimstari kikiwaka na kuzima. Kuandika jina langu ni kazi ya kupiga chafya. Halafu Mama Jelagat afungue, kamati ifungue, kanisa zima lione kwamba mwenye programu amejiandikia ng'ombe.

"Weka hiyo," baba alisema.

Nikaiweka chini.

"Kiarie," akasema, "niko na Chepngetich hapa. Yeye ndiye atakuambia."

"Baba, hapana!"

"Mimi nilisema neno moja, kwa mtu mmoja mmoja, likakaa. Wewe umelitoa nje. Sasa limalizie." Akanisukumia simu mkononi. Ilikuwa na joto la mkono wake.

"Chepngetich?" Kiarie aliita. "Haya, msichana. Ng'ombe ni za nani?"

Nikisema za Baba, lori litapakiwa na neno la mama litaenda sokoni. Nikisema zangu, baba atabaki bila kijana, na nitakuwa nimemnyima kaka yangu mke kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimtazama baba anipe hata ishara. Hakunipa.

Upande ule wa simu ng'ombe akalia. Nadhani ni yule mweupe. Nilimsikia na moyo ukaamua kabla sijauruhusu.

"Ni zangu," nilisema. "Mama alinipa. Aliniachia akiwa hospitalini, akamwambia Baba anifichie. Mzee Kiarie, usimpe mtu. Dennis, nisamehe."

Nikasubiri matusi. Nikasubiri mlango wa lori ubamizwe, simu ikatwe, chochote.

"Mama alikuambia wewe?" Dennis akauliza, taratibu.

"Alimwambia Baba. Pale kitandani."

"Chep." Hajaniita hivyo tangu tulipokuwa watoto. "Mama alikufa nikiwa nimemshika mkono. Tangu alazwe mpaka alipokata roho, nililala kwenye sakafu chini ya kitanda chake. Mzee hakuja hospitalini. Hata siku moja hakuja. Muulize."

"Dennis, usianze..."

"Ng'ombe za Mama, Mama alisema ni za nani, nilisikia kwa masikio yangu mimi. Si zako. Na si zangu pia, ingawa nimezijia na lori. Muulize, nikisikia."

Nikamgeukia baba.

Alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Amenipa mgongo, ameinama kwenye kamba ya Cheptui, anafunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Baba," nikasema, "ng'ombe ni za nani?" Jibu lake nitakupa wiki ijayo.